Ukipenda nyoka, mjue na panya wake



Mwaka juzi nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi ya kazi hii ya utangazaji. Yalipokwisha, nilipanda treni kwenda mji wa Leicester kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye amekaa huko miaka mingi na ana mke na binti wa miaka saba. Binti yule aliponiona tu aliniita babu. Nina miaka arobaini na sita, na sikuwa nimejiandaa kwa cheo hicho, lakini kwa hesabu ya ukoo ndivyo ilivyo, nikakipokea.

Asubuhi ya pili niliamka wenyeji wakiwa bado wamelala. Nikaona nisiwasumbue, nijipikie chai mwenyewe. Katika kutafuta maziwa nikaingia chumba kidogo cha nyuma, nikakuta jokofu fupi, nikalifungua. Maziwa hayakuwamo. Mlikuwa na vifuko vya nailoni vimepangwa vizuri, na ndani ya kila kifuko panya weupe watano, wameganda, wamelala ubavu kwa ubavu kama vibua sokoni. Nikafunga mlango. Kisha nikafungua tena, maana mtangazaji haridhiki na ushahidi wa mara moja.

Mpwa wangu alipoamka nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ninyi huku mnakula nini?" Akacheka hadi akakaa chini. "Mjomba," akasema, "hao si wetu. Hao ni wa nyoka."

Basi akanipeleka chumbani kwake kunionyesha. Juu ya meza palikuwa na sanduku la kioo lenye mlango wa kuteleza, chini yake limetandikwa mkeka wa umeme wa kupasha joto, pembeni pana kipimajoto, na ndani, chini ya gamba la mti, alikuwamo nyoka mmoja wa rangi ya kahawia, urefu wake haukufika mita moja, na mistari miwili myeupe ikipita ubavuni mwa kichwa karibu na jicho. Nikamtazama kwa makini. Nikamwambia mpwa wangu, "Huyu mimi namfahamu. Huyu ni wa kwetu."

Naam, alikuwa wa kwetu. Ni nyoka ambaye Waingereza humwita nyoka wa nyumba, naye huishi sehemu nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Hana sumu. Hutoka usiku, na huingia katika nyumba zetu kwa sababu moja tu, nayo ni kufuata panya na mijusi. Akimkamata panya humzungushia mwili wake na kumbana mpaka afe, kisha humeza. Huku kwetu akionekana darini, mtaa mzima hutoka na magongo. Kule Leicester alikuwa analipiwa umeme.

Wasikilizaji, sikuwasimulia haya ili tuwacheke watu wa Ulaya. Nimeyasimulia kwa sababu nilikaa katika nyumba ile siku tisa, na niliyojifunza juu ya wale panya yamenifuata mpaka hapa studio.

Kwanza tuelewe kwa nini panya. Mjukuu wangu yule aliniuliza swali zuri sana: "Babu, kwani nyoka hawezi kula ugali?" Jibu ni kwamba hawezi. Nyoka hula wanyama tu, na hata ukimkatia mnofu safi wa ng'ombe hutakuwa umemlisha vya kutosha. Mnofu mtupu hauna mifupa, na mifupa ndiyo inayompa chokaa ya mwilini. Hauna ini, na ini ndilo lenye vitamini. Nyoka anahitaji mnyama mzima, na kipenyo cha mnyama huyo kisizidi sana unene wa tumbo la nyoka mwenyewe. Kwa hiyo nyoka mchanga hupewa kichanga cha panya kilichozaliwa jana, chekundu, kisicho na manyoya. Akikua hupewa panya mkubwa zaidi, mara moja kila baada ya siku saba, kumi, hata kumi na nne. Yule wa mpwa wangu alikuwa anakula panya wapatao arobaini kwa mwaka.

Kiswahili chetu hapa hakikujisumbua. Mdogo wa gramu thelathini ni panya, na yule mkubwa wa gramu mia nne naye ni panya. Wafugaji hutenganisha, maana mnyama mmoja si mwenziwe. Mpwa wangu alifuga wale wadogo.

Kufuga panya si uvumbuzi wa jana. Uingereza chama cha wafugaji wa panya wadogo kilianzishwa mwaka 1895, na wanachama wake walikuwa wakishindana kwa rangi na umbo, kama watu wengine wanavyoshindanisha njiwa. Mwaka 1901 bibi mmoja, Mary Douglas, alifanikiwa kuingiza na wale panya wakubwa katika maonyesho yaliyofanyika Aylesbury. Huko Marekani, mnamo mwaka 1900, mwalimu mstaafu aitwaye Abbie Lathrop alianzisha ufugaji wa panya katika kijiji cha Granby, jimbo la Massachusetts. Alianza kwa kuuzia watu wa mapambo, wataalamu wa maabara wakaja kununua, na hata leo sehemu kubwa ya panya wa maabara duniani wana asili katika mabanda ya bibi yule. Watu wa nyoka walikuja baadaye na kukuta panya tayari wamefugwa, weupe, wapole, wasiokimbia mtu.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa maana hapa ndipo mpwa wangu alipoteleza.

Alinunua dume mmoja na majike wawili. Akaona kila wiki atatoa mmoja, na pesa ya kununua panya waliogandishwa itabaki mfukoni. Lakini panya jike hubeba mimba siku kumi na tisa hadi ishirini na moja. Huzaa watoto wanane, kumi, hata kumi na wawili. Tena akizaa leo, kama dume yumo kizimbani, anaweza kushika mimba nyingine siku hiyo hiyo. Watoto huachishwa kunyonya baada ya wiki tatu, na wakifika wiki sita nao wako tayari kuitwa wazazi.

Chukueni kalamu. Majike wawili, watoto wanane wanane, mara moja kwa mwezi. Hao ni kumi na sita kwa mwezi, na mia moja tisini na wawili kwa mwaka. Nyoka anakula arobaini. Je, mia moja hamsini na wawili watakwenda wapi? Na hiyo ni kama umewahi kuwatenganisha madume na majike wakiwa na wiki tatu au nne. Ukichelewa wiki mbili tu, wale watoto nao wanazaa, na hesabu inakupita.

Mpwa wangu alichelewa. Alikuwa na zamu za usiku ghalani, akawa hajui dume ni yupi na jike ni yupi. Katika muda wa miezi sita vizimba vitatu vikawa kumi na kimoja. Panya dume ana mkojo wenye harufu kali, na uchafu ukikaa hutoa hewa ya amonia inayowachoma panya mapafu na wenye nyumba macho. Mkewe, mtoto wa Tanga mwenye nyumba iliyonukia udi, akavumilia mpaka siku moja aliposema neno moja tu: "Chagua." Vizimba vikahamia kibandani uani. Baridi ikaja, ikabidi kibanda nacho kitiwe umeme.

Chakula chao ni cha vidonge maalumu, si makombo. Maji lazima yawepo saa zote. Matandiko ni randa za mbao, na si kila mbao: randa za mwerezi zina mafuta yenye harufu yanayowadhuru. Kila wiki kusafisha. Alipokaa na kupiga hesabu ya vidonge, randa, umeme na muda wake, aligundua kwamba kila panya aliyemfuga mwenyewe alimgharimu zaidi ya yule wa dukani. Mwenye nyoka ishirini huenda akapata faida. Mwenye nyoka mmoja anafuga hasara.

Lakini hasara ya fedha, wasikilizaji, ndiyo ndogo.

Iko hasara ya afya. Panya hata akiwa mweupe na mpole hubeba maradhi. Mwishoni mwa mwaka 2016, katika jimbo la Wisconsin kule Marekani, mtu mmoja aliyekuwa akifuga panya wakubwa nyumbani alilazwa hospitali. Alikutwa na virusi vinavyoitwa Seoul, ambavyo panya huvitoa katika mkojo, kinyesi na mate bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili. Uchunguzi ulipofuatilia panya waliouzwa kutoka nyumba hadi nyumba, wenye virusi walipatikana katika majimbo kumi na moja, na watu kumi na saba wakathibitika kuambukizwa. Uingereza nayo, tangu mwaka 2015, mamia ya watu waliugua salmonela iliyohusishwa na panya waliogandishwa wa kulishia nyoka, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Tusisahau kwamba kugandisha hakuui vijidudu vya salmonela. Huvilaza tu. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huweka panya wa nyoka katika jokofu lao peke yake, huwayeyusha katika chombo chao peke yake, na hunawa mikono kwa sabuni kila mara. Nami nawaomba radhi, chai ile ya asubuhi sikuinywa.

Iko pia habari ya kuua. Hapa naomba tusikilizane kwa utulivu.

Mpwa wangu mwanzoni alikuwa anamtupia nyoka panya mzima, hai. Alidhani ndivyo Mungu alivyopanga. Usiku mmoja nyoka hakuwa na njaa. Asubuhi akamkuta na jeraha karibu na jicho: panya aliyefungiwa sandukuni bila mahali pa kukimbilia alikuwa amemng'ata. Porini panya ana shimo la kujificha na nyoka ana uwanja wa kuondoka. Ndani ya kioo wote wawili ni wafungwa. Tangu siku hiyo akajifunza kumpa panya aliyekwisha kufa, aliyepashwa katika maji ya vuguvugu na kushikwa kwa koleo refu, na nyoka akamla bila tatizo lolote.

Lakini panya ili awe amekufa, lazima mtu amuue. Anayenunua dukani amemlipa mtu mwingine ili asione. Anayefuga nyumbani ndiye mwenyewe. Zipo njia za haraka zisizo na mateso, na zipo za kikatili, na tofauti yake ni ujuzi. Hata hewa ya kaboni ambayo wengi huisifu, vichanga vya siku chache huistahimili muda mrefu, na mtu asiyejua hudhani vimekufa kumbe bado. Hii si kazi ya kujaribu jaribu. Ni kazi ya kuonyeshwa na daktari wa mifugo, na asiyeweza kuifanya sawasawa asianze kufuga.

Mpwa wangu aliifanya usiku, binti amelala. Mtoto akaambiwa kwamba panya wamehamia kwa rafiki. Kisha siku moja mtoto akakuta katika kizimba panya mweupe mwenye doa jeusi shingoni, akampa jina: Kidoti. Akawa kila akitoka shule anakwenda kibandani kumsalimia Kidoti. Nilipofika mimi, Kidoti alikuwa na wiki tisa, na kwa ratiba ya jokofu zamu yake ilikuwa imepita.

Jioni ya siku ya sita tukiwa mezani, mtoto akauliza waziwazi: "Baba, wale wa kwenye jokofu ni ndugu zake Kidoti?"

Mezani pakawa kimya. Mpwa wangu akanitazama mimi mjomba wake, kana kwamba kazi ya redio ndiyo kujibu kila swali. Sikujibu. Nilimwona akiweka kijiko chini, akamwambia bintiye: "Ndiyo, mama. Ni ndugu zake. Baba ndiye aliyewaua, kwa sababu nyoka lazima ale. Nilikudanganya, na si vizuri." Mtoto alilia. Usiku ule hakutaka kuagwa. Asubuhi akaja na uamuzi wake: nyoka aendelee kula, maana hakuchagua kuzaliwa nyoka, lakini Kidoti asiguswe.

Watu wazima tunaweza kusema hiyo si haki, kumwokoa mmoja kwa sababu ana doa. Ni kweli. Hata hivyo nadhani katika nyumba ile hakuna aliyesema jambo la kweli kuliko baba yule mbele ya sahani yake. Kabla ya kuondoka kwangu madume yalikwisha tengwa, na vizimba vikaanza kupungua. Leo nyoka anakula panya wa kununua, na wanaomlisha wanajua ni nini. Kidoti aliishi kwa amani mpaka uzee, ambao kwa panya mdogo ni kama miaka miwili.

Nilirudi nyumbani Morogoro nikiwa na fikra hizi, na wiki ile ile nikakuta vijana wa mtaani wamemuua nyoka wa kahawia nyuma ya ghala langu. Nilimgeuza kwa kijiti. Mistari miwili ubavuni mwa kichwa. Sikuwalaumu vijana, maana mimi mwenyewe kwa miaka arobaini ningefanya vivyo hivyo. Lakini msimu huo panya waliingia ghalani kama waliopewa kadi ya mwaliko. Magunia mawili ya mahindi yakawa pumba. Nikanunua sumu ya panya stendi, ile inayouzwa kwa kipaza sauti. Panya wakafa, kuku wangu wakadonoa mizoga, na kuku saba nao wakafa. Nilichokuwa nikipewa bure na nyoka yule nilikilipia kwa mahindi, kwa fedha na kwa kuku.

Panya shamba wetu naye si mchezo. Jike mmoja huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na wakulima wa Morogoro wanajua mwaka ambao mvua huwafurahisha panya kuliko watu. Na katika milima ya Lushoto, kati ya mwaka 1980 na 2004, ugonjwa wa tauni, ambao huenezwa na viroboto wa panya, uliwapata watu zaidi ya 7,000. Kwa hiyo kijana yeyote anayenisikiliza na kufikiri atakamata panya wa darini amfuge au amlishe mnyama wake, namsihi aache. Panya wa darini hana cheti.

Si kwamba hatuwezi kufuga panya kwa akili. Hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufuga na kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu huko Kambodia. Wanyama wale wana daktari, wana ratiba na wana kustaafu. Huo ndio ufugaji.

Na nyoka je? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumchukua nyoka porini na kumweka nyumbani kama paka, inataka kibali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama, wala haikuandikwa kwa ajili ya wanyama wanaopendeza peke yao. Mwenye hamu ya kuwaona nyoka kwa karibu, bustani zipo, kama ile ya Meserani njia ya kwenda Arusha, au ile ya Watamu kwa ndugu zetu wa Kenya. Wala simwambii mtu amshike nyoka wa kahawia kwa kuwa amesikia redioni hana sumu. Wako wengine wanaofanana naye kwa rangi wenye sumu. Ninachosema ni kwamba ukimwona nyoka anaondoka zake, mpe njia.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Anayependa nyoka amjue na panya wake: anazaliwa wapi, analala juu ya nini, anakufa vipi na kwa mkono wa nani. Vivyo hivyo sisi tunaopenda kitoweo. Yule kuku wa Jumapili naye aliwahi kuwa na doa shingoni, pengine na mtoto aliyemwita jina. Sisemi tuache kula. Nasema mtoto akiuliza mezani, tuweke kijiko chini na tumjibu.